Waja leo, waondoka leo: kutetea matembezi ya siku moja

Popote Mtanga anapojitambulisha, hakosi mtu wa kumjibu: "Aa, Tanga! Waja leo, waondoka leo." Nimesikia msemo huo ukielezwa kwa namna nyingi, nyingine za mapenzi, nyingine za uganga, na ugomvi huo siuingilii. Mimi nauchukua kama ulivyo. Mtu anakuja leo na leo hii hii anaondoka. Huo ndio mwendo ninaoupenda kuliko yote: kutoka nyumbani asubuhi kwa ajili ya raha tu, kisha kurudi kabla ya isha.

Nataka kuutetea kwa sababu naona unadharauliwa. Muulize mtu mwishoni mwa mwaka ametembea wapi, atakwambia hajaenda popote, maisha magumu. Endelea kuzungumza naye, utasikia kwamba Pasaka alikwenda Pangani akavuka pantoni hadi Bweni, kwamba Iddi aliwapeleka watoto Mapango ya Amboni, kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi yeye na wenzake wa kikoba hukaa Raskazone mpaka jua linazama. Yote hayo kwake si kitu. Katika hesabu yake kuna Serengeti na kuna Dubai, na kwa kuwa hajafika huko basi mwaka mzima hakutoka. Jambo hilo linanisikitisha. Mtu ameonja raha kisha anaikana kwa kuwa haikuwa na begi wala tiketi.

Sehemu ya kosa naiona katika maneno. Tumeliachia neno moja, utalii, limeze mengine yote, na utalii umekuja kwetu ukiwa na sura ya mgeni: kofia pana, gari la paa linalofunguka, malipo kwa dola. Lakini kabla ya neno hilo kuenea tulikuwa na msamiati mrefu wa kutoka na kurudi, na kila neno lilikuwa na mahali pake.

Anza na safari, ili tuiweke kando. Safari ni neno zito. Pangani ninakokwenda kula samaki ilikuwa mojawapo ya milango ya misafara ya karne ya 19, iliyopanda kufuata mto kwenda Kilimanjaro na mbele zaidi, watu wakikaa njiani kwa miezi na wengine wasirudi. Safari ina dua kabla ya kuondoka, ina akiba ya nauli iliyofungwa kwenye pindo la khanga, ina wosia. Wazee wakasema msafiri kafiri, maana njia humfanya mtu mgumu wa moyo hata kama kwao ni mpole. Na mtu akifariki tunasema ameianza safari yake ya mwisho. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kwenda kuwinda, na mamia ya wapagazi wakabeba mizigo yake, neno letu lilikuwa limeshaanza kuzunguka dunia likiwa na bunduki na mahema ndani yake. Hata hivyo, kwetu maana yake haikubadilika. Ukimwambia jirani "nina safari", atakuuliza kuna heri? Hakuulizi kama utafurahi.

Matembezi ni kitu kingine kabisa. Mtu wa mwambao akisema "nakwenda kutembea" huenda anakwenda kwa dada yake mtaa wa pili, au anakwenda Muheza kwa shangazi akae siku tatu. "Amekuja kutembea" ndiyo kauli tunayomtambulishia mgeni asiye na shida, asiyekuja kuuguza wala kudai deni. Na matembezi yana sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Hayana mzigo, ila mkoba wenye zawadi ndogo: machungwa, sukari, khanga ikiwa aendewaye ana mtoto mchanga. Hayana haraka. Mwenye nyumba hakuulizi umefuata nini, na ukijieleza sana ataingiwa na wasiwasi. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe, na uzuri wa matembezi ya siku moja ni kwamba jembe lenyewe hulioni.

Mtu wa bara aliyehamia Tanga aliwahi kuniambia kwamba watu wa pwani hawajui kutofautisha kumtembelea mtu na kustarehe. Nikamwambia ni kweli, na hilo ni jema. Kwa mama zetu hasa, hizo mbili zilikuwa kitu kimoja kwa sababu nyingine pia: mwanamke hakuweza kutoka bila sababu, na jamaa walikuwa sababu isiyokataliwa. Mama yangu alipokuwa anataka kutoka nyumbani tu, aone watu, hakusema anakwenda kustarehe. Alisema anakwenda kumjulia hali bibi fulani barabara ya kumi na mbili. (Ngamiani mitaa yetu ina namba, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, na mgeni hapotei.) Bibi mwenyewe alijuliwa hali kwa dakika kumi. Saa mbili zilizobaki zilikuwa za njiani, kwa kusimama na huyu na yule, kununua achari ya embe, kutazama nani amejenga na nani amepaka rangi.

"Mama, wenda wapi?" nilimwuliza siku moja akiwa anajifunga baibui.

"Nakwenda kunyoosha miguu, mwanangu."

"Nikufuate?"

"Njoo. Lakini usiniharakishe."

Hiyo "usiniharakishe" ndiyo kiini cha jambo zima, na sijapata kuisikia katika tangazo lolote la kampuni ya utalii.

Halafu kuna kupunga upepo. Mtu wa bara anaweza kudhani ni maneno ya shairi, lakini mwambao ni kauli ya kila siku, na ni shughuli yenye saa yake. Joto la Tanga mwezi wa Februari halina huruma. Nyumba za bati hujaa moto mchana kutwa, na kuanzia saa kumi na nusu jioni upepo wa bahari unapoingia ni lazima mtu atoke akautafute. Wanaokwenda Bustani ya Jamhuri hukaa juu ya bandari wakitazama kisiwa cha Toten na meli zikisubiri zamu. Wengine hupanda bajaji mpaka Raskazone. Wenye baiskeli, nao Tanga ni wengi, wanawake kwa wanaume, huzunguka tu polepole barabara ya pembeni mwa bahari na kurudi. Mombasa mambo ni yayo hayo pale Mama Ngina, mahali ambapo wenyeji huita Lighthouse: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, familia juu ya kuta wakitazama meli zinazoingia Kilindini. Unguja ni Forodhani, ambako bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, na moshi wa mishikaki huwaita watu kuanzia magharibi. Dar es Salaam ni Coco Beach na mihogo yake. Miji tofauti, na katika yote utasikia maneno hayo hayo matatu: twende tukapunge upepo.

Kitenzi hicho kina ndugu yake mzito, kupunga pepo, yaani kumtoa mtu pepo kwa ngoma na uvumba. Tanga tunayajua yote mawili, na nimesikia mzee mmoja akiyaunganisha kwa dhati: aliyejaliwa kupunga upepo kila jioni, alisema, hahitaji kupungwa pepo. Mimi namwamini. Nimeona watu waliobeba wiki nzima ya kero za ofisini wakikaa ukutani pale Jamhuri, na baada ya nusu saa mabega yameshuka.

Kubarizi ni jirani ya kupunga upepo ila haina mwendo. Ni kukaa barazani au uwanjani na wenzako, kahawa na kashata, mazungumzo yasiyo na ajenda. Na kuvinjari, ambalo vijana leo wanalijua kwa maana ya kuzunguka mtandaoni, kamusi za zamani zinalipa maana ya chombo kinachozunguka baharini kikilinda au kupeleleza. Kenya magazeti yamelipendezesha likawa kujivinjari, na ukisoma kwamba watu walijivinjari Nyali wakati wa sikukuu unajua mara moja kwamba hapakuwa na kazi yoyote hapo. Ziara tumewaachia viongozi. Waziri hatembei, waziri hufanya ziara. Na kuna ziara nyingine ya kweli zaidi, ile ya kuzuru makaburi, ambayo kwa familia nyingi za pwani huishia kwa chakula cha pamoja chini ya mwembe, na sioni aibu kusema kwamba siku hiyo ni ya majonzi na ya raha pia.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni mandari, na ndilo linalokufa. Mandari ni kutoka mji mkiwa kundi, na chakula chenu, mkaenda mahali pazuri mkashinda huko mpaka jioni. Watoto wa leo wanasema pikiniki, nami siwakatazi, ila mandari ina kitu ambacho pikiniki haina: ni ya wengi. Mtu hawezi kwenda mandari peke yake. Inahitaji mchango, inahitaji mabishano juu ya nani atapika pilau na nani ataleta kachumbari, inahitaji mtu mmoja mkali wa kushika daftari la fedha.

Mandari ya kwetu ya mwisho ilikuwa Tongoni. Ni kama kilomita 17 kusini ya Tanga, barabara ya Pangani, unapita mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari isiyokosea. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukawa ndio uliojenga mkoa huu. Tulikuwa akina mama wengi, watoto wengi zaidi, na wanaume wachache waliokuja kubeba. Coaster ya kukodi. Hotipoti za pilau zimefungwa kwa leso zisimwagike, chupa za chai, ndoo ya juisi ya ukwaju yenye barafu, mikeka, spika moja ambayo baadaye ilizimwa kwa heshima ya mahali.

Maana Tongoni ni magofu. Kuna msikiti wa kale uliobaki kuta, mihrabu bado inaonekana, na kuna makaburi takriban 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ambazo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya kigeni. Mji huo ulistawi karne ya 14 na ya 15, wakati Kilwa ilipokuwa kubwa. Vasco da Gama alipita maji haya, na mwanzoni mwa mwaka 1499, akirudi kutoka India na mabaharia wake wengi wamekwisha kufa, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwenye mafungu ya hapa karibu kwa kuwa hakuwa na watu wa kutosha wa kuiendesha. Mlinzi wa mahali alitueleza habari za makaburi kwa sauti ya chini. Watoto walisikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza darasani, kisha wakaomba ruhusa waende ufukweni kutafuta kaa.

Tulitandika mikeka mbali na makaburi, chini ya kivuli, tukala. Bibi mmoja wa kikundi chetu, ambaye kwao ni maeneo hayo hayo, aliwaambia vijana kwamba zamani watu walikuwa wakija hapa kuomba, na kwamba hata yeye alishaletwa akiwa mdogo. Kijana mmoja akamwuliza, "Shikamoo bibi, sasa hayo yalikuwa mandari au ibada?" Bibi akaitikia marahaba, akafikiri, akasema: "Tulikuja na chakula, mwanangu. Tulipomaliza kuomba tulikula. Sasa wewe useme ilikuwa nini."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Wanaosema kwamba Mwafrika hakuwa na starehe ya kutoka, kwamba ameifundishwa na Mzungu, hawajamsikiliza bibi yeyote. Kilichokuwapo ni starehe isiyotenganishwa na mambo mengine. Makunduchi kule Unguja, Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, unapofika mwezi wa Julai, watu hutoka kila pembe ya kisiwa kwenda kuuona, na mila inataka kila nyumba iwe na mgeni. Nani atasema hapo ni wapi ibada, wapi ndugu, wapi raha? Na wenye nafasi walikuwa na starehe zao za wazi tangu zamani. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, ameandika jinsi wanawake wa nyumba ya Sultani walivyokuwa wakitoka mjini kwenda kukaa mashambani na kustarehe. Mwaka 1905 ikafunguliwa reli ndogo ya maili 7 kutoka mjini Unguja mpaka Bububu, ikibeba abiria kwa miaka kadhaa kabla ya magari kuiua. Reli ya maili 7! Kwa kipimo chochote hiyo si safari. Hiyo ni njia ya kwenda na kurudi.

Kuna neno moja katika ukoo huu ambalo siwezi kulipita bila kulisemea, nalo ni kuzurura. Miguu ni ile ile, barabara ni ile ile, jioni ni ile ile, lakini mwenye kutazama amebadilika. Anayetembea akiwa na kazi nzuri na viatu vizuri anapunga upepo. Kijana asiye na kitambulisho cha kazi anazurura. Na tofauti hiyo iliandikwa katika sheria. Kanuni yetu ya Adhabu, iliyoanza kutumika chini ya Waingereza mwaka 1945, ilikuja na vifungu vya watu wavivu na wazururaji. Kenya kabla ya hapo, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma, ili askari ajue ametoka wapi na anamfanyia kazi nani. Chini ya utaratibu kama huo, kutembea bila sababu si jambo dogo. Ni jambo linaloweza kukupeleka rumande.

Tulipopata uhuru hatukulitupa wazo hilo. Mwaka 1983 serikali yetu ilitunga sheria ya nguvu kazi, na wakubwa wetu wanakumbuka misako ya Dar es Salaam, watu wakikamatwa mitaani kwa kosa la kutoonekana na kazi, wakisafirishwa kwenda vijijini na mashambani. Naelewa hali ya nchi wakati ule, njaa ya fedha za kigeni, maduka matupu, vita ya Kagera imetuacha hoi. Bado nasema kwamba kizazi kizima kilifundishwa kwamba mtu mzima anayetembea mchana lazima awe na jibu tayari. Nadhani tabia hiyo haijatutoka. Mtu akikukuta ufukweni siku ya Jumanne, anakuuliza kwa wasiwasi, "Vipi, leo huendi kazini?" Nawe unajikuta unaeleza kwamba uko likizo, kwamba mwajiri anajua, kana kwamba bahari ni mali ya wikendi.

Vijana wamejitafutia maneno yao, na nayafurahia. Baba zetu wa miaka ya tisini walikuwa wanatanua, wanajirusha. Baadaye ikaja kula bata, ambayo ina fedha ndani yake na muziki mkubwa. Ninalolipenda zaidi ni mtoko. Ni neno jepesi, limetokana na kutoka tu, na halisemi unakwenda wapi wala utatumia kiasi gani. Mtoko unaweza kuwa wa watu wawili kwa chipsi mayai, au wa ofisi nzima kwa basi hadi Mikumi. Naona mtoko umechukua kazi nyingi zilizokuwa za matembezi, ila umeacha moja: kumtembelea mtu. Siku hizi tunatoka kwenda mahali. Wazee walitoka kwenda kwa fulani. Sidhani tunapaswa kuchagua kimoja, lakini kama una shangazi Korogwe ambaye hujamwona tangu msiba wa mwisho, ujue hapo kuna mtoko mzuri ambao hauna kiingilio.

Nimeitaja Mikumi makusudi. Ile barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hupita katikati ya hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1964, kwa karibu kilomita 50. Kwa hiyo abiria wa basi la Mbeya, mwenye kuku wake chini ya kiti, huwaona swala, pundamilia, twiga, na siku ya bahati tembo, kwa nauli ile ile. Kila nikipita hapo basi zima hugeuka upande mmoja. Anayelala huamshwa na asiyemjua: "Dada, tazama twiga." Watoto hupandishwa madirishani. Kwa dakika chache watu sitini waliokuwa wakienda kwenye misiba, kesi na biashara wamekuwa watembezi. Kisha matuta yanaisha, dereva anakanyaga mafuta, na kila mtu anarudi katika safari yake. Hao wote ukiwauliza wameshawahi kutalii, watasema hapana.

Hifadhi zetu hutoza raia kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko anacholipa mgeni, na nashukuru. Kinachomzuia mtu wa kawaida ni usafiri na vyumba vya kulala, na ndiyo maana matembezi ya siku moja ni ya thamani: chumba hakipo kabisa katika hesabu. Reli mpya ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, jambo la kwanza nililolisikia kwa jamaa zangu wa Dar halikuwa habari ya biashara. Walikuwa wanapanga kwenda Morogoro asubuhi, waione milima ya Uluguru, wale, warudi jioni. Basi lilikuwa halikuruhusu hilo bila kuchoka. Serikali ilijenga reli kwa hoja za mizigo na uchumi, na hoja hizo ni za kweli, lakini watu wakaona mara moja kwamba Morogoro sasa imeingia ndani ya mipaka ya matembezi. Nafurahi kila nikiliwaza jambo hilo.

Hapa kwetu Tanga mipaka hiyo imejaa neema. Amboni ni kilomita chache tu kaskazini, barabara ya Horohoro. Unashuka, unatembea kidogo, na mwongozaji anakuingiza na taa katika mapango ya mawe ya chokaa ambako popo wananing'inia na kuna chumba ambacho watu bado huacha sadaka zao kwa mizimu. Atakusimulia habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya hamsini akiwindwa na Waingereza, na za mbwa aliyepotelea mle akaja kuonekana Kilimanjaro. Hiyo ya mbwa uamuzi ni wako. Galanos kuna chemchemi za maji moto yanayonuka kiberiti, watu huoga wakiamini yanatibu ngozi. Pangani, kama kilomita 50, ina boma la Wajerumani, ina mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, na ina kumbukumbu ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa hapo Desemba 1889 kwa kuongoza vita vya kuwapinga. Panda pantoni uvuke kwenda Bweni, kaa upande wa pili, utazame mji ukiwa ng'ambo. Nauli ya kuvuka ni ndogo mno. Rudi mapema tu, gari za mwisho za kurudi Tanga hazimsubiri mtu.

Yote haya yanawezekana kwa kitu kimoja ambacho hakizungumzwi: njia ya kufika. Kupunga upepo kunahitaji ufukwe ambao mtu anaweza kuufikia bila kununua soda ya bei ya hoteli. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari au kingo za mto. Tembea ufukwe wowote wa mji mkubwa wa mwambao uhesabu kuta ambazo zimeingia ndani ya mita hizo, na vichochoro vilivyokuwa vinashuka baharini ambavyo sasa vina geti na mlinzi. Mlinzi si mtu mbaya. Atakuuliza kwa upole, "Unaelekea wapi, mama?" Na swali hilo, kwa mtu anayekwenda kupunga upepo, halina jibu litakalofungua geti.

Nairobi walishawahi kuonyeshana jambo hili kwa ukali zaidi. Mwaka 1989 ulikuwapo mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mahali ambapo familia za kawaida hukaa kwenye nyasi siku ya Jumapili, watoto wakipanda boti. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, aliandika barua, akatukanwa bungeni, akafukuzwa ofisi, hakunyamaza. Mpango ukafa. Alichokilinda kilikuwa miti, ndiyo, na kilikuwa pia haki ya mtu asiye na fedha kukaa chini Jumapili bila kuulizwa. Sisi wa pwani bado hatujapata mtu wa kuisema hivyo kwa ajili ya fukwe, na huenda kwa sababu tunaona aibu kudai kitu cha starehe wakati zahanati hazina dawa. Mimi sioni kwamba vinagombana. Mgonjwa wa presha anapoambiwa na daktari atembee kila jioni, atatembea wapi?

Ninaloliomba kwa halmashauri za mwambao, kuanzia ya jiji letu, ni dogo na linapimika. Njia zote za zamani za kushuka baharini zichorwe kwenye ramani ya mipango miji kabla hazijasahaulika, kila moja iwekewe kibao chenye jina lake, na hakuna kibali cha ujenzi kitolewe juu yake. Wazee wa mitaa wanazijua zote, za Raskazone, za Sahare, za Mwambani, waitwe wakazionyeshe. Mita tatu za upana zinatosha: mama apite na hotipoti yake, watoto na ndoo zao, na kijana asiye na kazi apite nao siku ya Jumanne saa nne asubuhi.